Ramadhani, siku ya 13: Kuguguna



Ndugu zangu, poleni na swaumu. Leo naanzia shuleni, maana mnajua mchana nashika chaki kabla ya kuja msikitini. Juzi mwanafunzi wa kidato cha pili alinisimamisha kwenye neno la Kiingereza "gnaw", yaani kuguguna. Akauliza, "Mwalimu, hiyo g ya mbele ina kazi gani kama haisomwi?" Nikamwambia zamani ilisomwa. Waingereza wa kale walisema gnagan, na Wajerumani mpaka leo wanasema nagen. Ulimi ukachoka kuibeba ile g, maandishi yakabaki nayo. Nikaongeza kwamba wanaofuatilia asili ya maneno wanalitaja neno jingine la jamii hiyo, "nag", lililotoka kwa watu wa Skandinavia. Kwao nalo lilikuwa kuguguna, ila Waingereza wanalitumia kwa mtu anayekusemasema bila kukoma. Sisi mtu huyo tunaye, tunasema ana gubu. (Lipo "nag" jingine la farasi aliyechoka, hilo limefanana tu.)

Darasa likacheka, kila mmoja akamtaja shangazi yake. Mimi sikucheka sana, na sababu yake nitaisema.

Kuguguna siyo kuuma. Mbwa akikuuma unajua, unakimbizwa hospitali kuchomwa sindano, na mwenye mbwa anatafutwa. Anayeguguna anatumia meno madogo, kidogo kidogo, kila usiku. Ukimkamata panya kwenye tendo moja utaona kosa dogo kabisa: punje moja, uzi mmoja wa gunia. Tena panya wetu anauma na kupuliza, hata mwenye mguu hashtuki.

Na sisi watu wa Ruvuma, watu wa mahindi, tunamjua dumuzi, yule ambaye wengine walimpa jina la Skania. Asili yake ni Amerika ya Kati, akaonekana nchini kwetu upande wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Hafiki hata nusu sentimita. Anatoboa punje na kuacha vumbi. Gunia kwa nje limesimama vilevile, umelishona mwenyewe, siku unalinyanyua unashangaa limekuwa jepesi. Na tukumbuke fimbo ya Nabii Sulayman, alayhis salaam. Katika Suratu Saba, aya ya 14, majini wanaendelea na kazi nzito wakidhani anawatazama, kumbe ameshafariki, na kilichofichua jambo lile ni mdudu wa ardhini aliyekuwa akiila ile fimbo mpaka mwili ukaanguka.

Sasa swali langu la leo. Neno moja likiwa la haki, na la kesho yake likiwa la haki, na la keshokutwa pia, yakikusanyika yanaweza kuwa dhulma?

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na kijana madrasani, miaka 12, mzito wa kuhifadhi. Sikumchapa. Sikumtukana. Kila siku nilimpa neno moja tu. "Wenzako wako juzuu ya pili." "Hata mdogo wako kakupita." "Leo tena?" Yote yalikuwa kweli, na mengine niliyasema huku natabasamu. Baada ya miezi akaacha kuja. Nilipokwenda kwao mama yake akaniambia, "Ustadhi, hajasema kitu. Ila ikikaribia saa tisa tumbo linamuuma." Nikarudi nyumbani nikalitafuta neno lililomfukuza, ili niombe radhi kwa neno hilo. Sikulipata, maana halikuwa moja.

Najua kuna atakayeniambia: sasa ustadhi, tusikumbushane? Na Suratu Dhariyat inasema ukumbusho unawafaa waumini. Ni kweli, na sitaki mtu aichukue darsa hii akamnyamazie mwanawe asiyeswali. Lakini mtazameni Ibn Mas'ud, radhi za Allah ziwe juu yake. Alikuwa akiwawaidhi watu kila Alhamisi. Akaombwa awe anawaidhi kila siku, akakataa, akasema anachelea kuwachosha, kama Mtume (s.a.w.) alivyokuwa akiwachagulia wakati kwa kuchelea jambo hilohilo. (Na mimi nawatumieni kila siku, najua. Mniwie radhi, Shawwal iko karibu.) Na Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka 10 tangu akiwa mtoto, akasimulia kwamba hakuwahi kuambiwa hata "uff", wala kuulizwa kwa nini umefanya hivi, kwa nini hukufanya vile. Miaka 10 na mtoto ndani ya nyumba! Sisi tunashindwa dakika 10 kabla ya adhana ya Magharibi.

Nionavyo mimi, anayekumbusha akishasikika ananyamaza, shida yake imekwisha. Anayeguguna haishii hapo, kwa sababu yeye mwenyewe anapata utamu fulani katika kulirudia. Nilipomwambia yule kijana "leo tena?", nilikuwa nataka ahifadhi, au nilikuwa napoza uchovu wangu wa shule? Jibu nalijua.

Na mwezi huu meno hayo yanafanya kazi sana. Tumbo limefunga, meno yako huru. Lakini linalonitia hofu zaidi ni masimango. Tunao watoto wa ndugu zetu waliokuja mjini kusoma, wamefikia majumbani mwetu. Tumewapokea, Allah atulipe. Kisha mtoto anakalia mkeka wa futari, anainua kikombe cha uji, anasikia, "Sukari imepanda bei, na hapa walaji wengi." Kesho anasikia habari ya sare. Keshokutwa, "baba yako mbona hapigi simu?" Hakuna hata moja ambalo angeweza kulishtakia. Anaanza kula kidogo, anasema ameshiba, anawahi kuinuka. Allah katika Suratul Baqara, aya ya 264, ametukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Gunia letu la thawabu tunaliona limesimama kwenye kona. Tumelinyanyua?

Kuna kuguguna kumoja ambako sikukatai. Suratul Qiyama inaitaja nafsi yenye kujilaumu. Meno yake yanamla mwenye nayo, hayaendi kwa jirani. Habari ya yule kijana inaniguguna mpaka leo, na sijaomba iondolewe.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nimesimama Majengo baada ya swala, bodaboda ikapiga breki mbele yangu. "Shikamoo ustadhi." Ni yeye, mkubwa, ana ndevu. Akanipakia mpaka Lizaboni na nauli akaikataa. Njiani nilitaka kumuuliza Qur'an ameishia wapi. Neno lilifika kabisa mdomoni. Nikamuuliza hali ya mama yake.

Wabillahi tawfiq.