Dhamiri Inapowaka

Je, dhamiri inapotushitaki, husema kweli kila mara? Wapo kati yetu wanaojibu ndiyo bila kusita, kwa kuwa huisikia kama sauti ya Mungu mwenyewe. Wapo wanaosema ni mabaki ya malezi tu, na mtu mzima hana budi kuyaacha. Majibu yote mawili yanatuondolea kazi moja, nayo ni kazi ya kuchunguza. Mafundi wa magari ya zamani wanaweza kutusaidia kuielewa.

Gari dogo la Kiingereza liitwalo MGB lilitengenezwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, na mengi yaliuzwa Marekani. Huko, kuanzia 1968, sheria ilitaka magari mapya ya abiria yawe na njia mbili za mafuta ya breki. Katika MGB, njia moja huenda magurudumu ya mbele na nyingine ya nyuma. Kati yake kuna pistoni ndogo. Njia moja ikivuja, presha hushuka upande huo, pistoni husogea, swichi huguswa, na taa nyekundu huwaka mbele ya dereva.

Kwa nini taa, wakati dereva ana mguu juu ya kanyagio? Kwa sababu njia moja ikifa, ile nyingine bado hupunguza mwendo wa gari. Mtu anaweza kuendelea na safari akidhani mambo si mabaya sana, mpaka siku atakapohitaji breki zote. Nasi tunaweza kuishi hivyo. Anayekula fedha za kikundi bado huimba kwaya, bado husali mezani na watoto wake. Maisha yanakwenda, kwa nusu ya breki.

Taa hiyo ikiwaka, fundi mwenye busara huanza kwa kuiamini. Hutazama kiasi cha mafuta. Huomba mtu mwingine akanyage breki huku yeye akikagua mabomba na upande wa ndani wa kila gurudumu. Akiisha kuridhika kwamba hakuna kinachovuja, ndipo hugeukia nyaya. Utaratibu huu una maana kubwa. Anayeanza na waya ameshatamani taa iwe mwongo, na anayetamani hivyo hakosi kupata sababu ya kuchomoa balbu. Vivyo hivyo, dhamiri ikituchoma, swali la kwanza ni hili: nimemkosea nani? Na kama kukanyaga na kukagua kunavyotaka watu wawili, Yakobo naye anatuagiza tuungamiane dhambi zetu.

Lakini taa inaweza kuwaka wakati breki ni nzima. Waya uliochubuka ukigusa bodi ya gari, taa huwaka bila kosa lolote la breki. Fundi huchomoa waya kwenye swichi. Taa ikiendelea kuwaka, anajua shoti iko njiani. Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya ndugu wenye dhamiri dhaifu, walioona hatia katika chakula ambacho chenyewe hakikuwa na dhambi. Leo yuko mama aliyefiwa na mtoto, anayejishitaki kila usiku kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Kumwambia atubu ni kumbebesha mzigo ambao Bwana hakumpa. Anahitaji mtu wa kuketi naye na kufuatilia waya huo hadi mahali ulipochubukia, pengine ni neno aliloambiwa msibani.

Iko hali ya tatu. Palipovuja pameshatengenezwa, upepo umetolewa, na taa bado inawaka, kwa kuwa pistoni imebaki upande ilikosukumwa. Fundi hufungua kidogo njia ya upande wa pili na kukanyaga polepole, mpaka pistoni irudi katikati. Akikanyaga kwa nguvu, huvuka na kukwama upande wa pili. Tunawafahamu ndugu waliotubu, wakalipa, wakasamehewa na waliowakosea, lakini miaka inapita hawathubutu kuikaribia Meza ya Bwana. Yohana, katika waraka wake wa kwanza, anawafariji watu kama hao: Mungu ni mkuu kuliko moyo unaotuhukumu. Neno hilo tuwaambie kwa upole na kwa kurudia, si kwa kuwakemea, wala si kwa kuwafundisha kwamba dhambi si kitu.

Na taa isipowaka kabisa? Katika MGB, dereva huweza kubonyeza taa yenyewe kuona kama balbu ingali hai. Waliolibuni gari walijua kwamba ukimya si ushahidi. Paulo naye alisema hajui neno la kujishitaki, ila akakataa kulichukua hilo kuwa hukumu ya kumpa haki, kwa kuwa ahukumuye ni Bwana. Ndiyo maana mwimbaji wa Zaburi ya 139 anamaliza kwa kumwomba Mungu amchunguze, hata baada ya kuonyesha bidii yake yote.

Basi tusiiabudu dhamiri, wala tusiizime. Tuilete mbele za Mungu na mbele ya ndugu mmoja tunayemwamini, tuanze na kosa kabla ya kutafuta udhuru, na tukiisha kutengenezwa tukubali kwamba tumetengenezwa.