Msafiri na Ruhusa ya Kuondoka

Nani mwenye haki juu ya msafiri? Ni waliomzaa, ni aliyempa maji njiani, au ni nafsi yake peke yake? Swali hili hunirudia kila nikifungua kitabu cha Jon Krakauer, kilichotoka mwaka 1996, juu ya kijana wa Kimarekani Christopher McCandless.

Mwaka 1990, mara baada ya kuhitimu Chuo Kikuu cha Emory, kijana huyo aliitoa sadaka akiba yake, kiasi cha dola 24,000, akaliacha gari lake jangwani, akachoma noti zilizobaki, akajipa jina jipya, akashika njia. Wazazi wake hawakupata tena barua yake. Aprili 1992 aliingia nyika ya Alaska na bunduki ndogo na mchele usiozidi kilo tano, akakusudia kula atakachowinda na kuchuma. Septemba wawindaji waliikuta maiti yake ndani ya basi bovu.

Watu hubishana kama alikuwa shujaa au mpumbavu. Ubishi huo umechosha. Kinachonishughulisha mimi ni marafiki aliowaacha nyuma, kwani mpenda upweke huyu alikuwa na kipaji cha kupendwa. Huko Dakota Kusini alifanya kazi kwenye ghala la nafaka, na mwenye ghala akawa sahibu yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi huutumia usemi huu kumcheka mgeni asiyeondoka, tukasahau kwamba jembe nalo ni heshima: aliyepewa jembe si mgeni tena. McCandless alilipokea kwa mikono miwili.

Karibu na ziwa la Salton Sea, California, alikutana na mzee wa miaka themanini, mgane, ambaye mkewe na mwanawe wa pekee walikufa ajalini miaka mingi nyuma. Krakauer amemsitiri kwa jina la kubuni. Mzee alimfundisha kazi ya ngozi, naye kijana akatengeneza mkanda wenye nakshi za safari zake. Hatimaye mzee akamwomba awe mjukuu wake. Kijana akajibu kwamba hayo watayazungumza atakaporudi kutoka Alaska. Baadaye akamwandikia barua ndefu akimhimiza aache maisha ya kutulia. Mzee akatii: akahama nyumba, akaenda kuishi jangwani, pale pale kijana alipokuwa amepiga kambi, akamngoja.

Atasema mtu: hakumlaghai, hakumwahidi kitu. Kweli. Lakini tazameni sisi watu wa visiwani tunavyoaga. Mgeni haarifu kwamba anaondoka. Huomba ruhusa, na mwenyeji humpa, hata ikiwa moyo hautaki. Wengine huona ni adabu tupu. Mimi naona humo mnakubaliwa jambo zito, kwamba anayebaki naye ana neno katika safari ya anayekwenda. McCandless aliaga kwa upole, hata kwa kadi za posta, ila kuaga kwake kulikuwa kuarifu.

Dereva aliyemfikisha mwanzo wa njia ya porini alijitolea kumpeleka mjini akamnunulie vifaa, akakataa. Akamuuliza kama yuko ndugu au rafiki anayejua mipango yake. Akajibu kwa utulivu kwamba hakuna. Mabuti ya mpira aliyopewa na dereva aliyapokea, na chakula cha mchana pia. Swali lile hakulipokea.

Julai alitaka kurudi, akaukuta mto Teklanika umefura, akageuka. Pembezoni mwa riwaya ya Pasternak aliyokuwa akiisoma aliandika kwamba furaha ni ya kweli pale tu inaposhirikiwa. Wapenzi wake wameligeuza neno hilo kuwa wasia. Mimi husoma humo mtu aliyeanza kuomba ruhusa, na hapakuwa na wa kumjibu.

Mzee alikuwa angali akingoja kule jangwani. Habari ya kifo aliipata kwa vijana wawili aliowapakia garini mwake, wapita njia tu.