Maji ya Zamu Yangu

Katika nchi kavu bustani ya mboga si kazi ya jembe tu, ni kazi ya dhamiri pia. Penye mvua tele, mtu akizitilia maji mboga zake hamnyimi jirani kitu. Bali penye ukame, kila debe limwagwalo juu ya mchicha wa mmoja ni debe lisilomfikia mwingine. Basi twauliza: Maji yatujiayo kwa zamu, je, ni yetu kabisa, tuyatumie tupendavyo?

Tuangalie nchi ya Upare, upande wa kusini. Juu milimani mvua hupatikana, lakini chini katika tambarare ya Same jua ni kali na mvua ni haba. Wazee wa Kipare tangu zamani walijenga ndiva, ndiyo mabwawa madogo yajazwayo maji ya kijito usiku. Asubuhi hufunguliwa, maji yakashuka kwa mfereji, kila mtu akapata kwa zamu yake. Aibaye zamu ya mwenzake ni mwizi, wala hapana haja ya kubishana juu yake. Neno gumu ni habari za yule asiyeiba. Yeye huyafungua maji kwa haki, akayaacha yatiririke adhuhuri juu ya udongo mtupu; jua likayanywa kabla ya mizizi, na mengine yakapotea njiani. Akiulizwa hujibu, “Zamu ni yangu.”

Jibu hilo latosha barazani, lakini halitoshi mbele za Mungu. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoieleza amri ya saba hakuishia katika kukataza wizi. Alifundisha kwamba yatupasa pia kumsaidia jirani, mali yake na riziki yake zipate kusitawi na kulindwa. Kwa kipimo hicho, mtu aweza kuwa hakuiba hata tone moja, na bado ameivunja amri.

Tena Musa aliwakumbusha Waisraeli kwamba huko Misri walinywesha mashamba kwa kazi yao wenyewe, kama bustani ya mboga, bali nchi waliyoiendea hunywa mvua ya mbinguni (Kumb. 11). Mvua humshukia kila mtu bila kupita kwa mwenziwe. Maji ya mfereji hupita mikononi mwa watu. Kwa hiyo penye mfereji Mungu ametia sehemu ya riziki ya jirani katika mikono yetu. Naye Ahabu alilitaka shamba la Nabothi liwe bustani ya mboga (1 Fal. 21). Mboga ni kitu chema. Lakini kwa ajili yake Nabothi aliuawa, tena kwa barua zenye muhuri na mashahidi wawili, kana kwamba ni haki.

Basi ustadi wa bustani ni sehemu ya upendo. Achimbaye majaruba yaliyo chini kidogo, maji yasikimbie. Atiaye samadi iliyooza. Afunikaye udongo kwa majani makavu. Amwagiliaye jioni au alfajiri. Apandaye bamia na kunde zivumiliazo joto: huyo amfanyia jirani wema asiouona. Tufanye hesabu. Jaruba la mita 1 kwa mita 4, likipata maji ya kina cha nusu sentimita, limepata lita 20, yaani debe moja. Amwagaye madebe matatu pale ambapo moja lingetosha, mawili ameyatoa katika chungu cha mwenzake.

Wengine watasema, “Nikiyaacha maji yashuke, atayapata mvivu.” Huenda. Lakini Baba yetu huwanyeshea mvua wema na waovu. Tena aliye mwisho wa mfereji huenda si mvivu, bali ni mjane aliyengoja tangu asubuhi.

Hatusemi haya ili kuwatwika watu sheria mpya. Hakuna aokolewaye kwa kubana maji. Lakini sisi tuliopewa neema bure, tutawezaje kumhesabia jirani zamu kwa ukali? Nanyi walimu, mfikapo amri ya saba, msiwaulize wanafunzi tu nani ameiba. Waulizeni pia: Ulipofunga maji yako, je, yalibaki ya kumfikia aliye chini yako?