Inueni Barabara Kabla Mto Haujainuka

Ndugu zangu wa Madogo na Mororo, wa Bura, wa Hola hadi Garsen, nasema nanyi kiangazi, wakati kila lori linaacha wingu la vumbi na hakuna anayetaka kusikia habari za maji. Siku ya mafuriko sote ni walokole. Maji yakikauka tunarudi kwenye usahaulifu wetu, wapiga kura na wapigiwa kura.

Mmeisahau Aprili ya 2024? Tarehe 9, mkesha wa Idi, basi lilisombwa na maji kwenye barabara ya kwenda Garissa, na abiria zaidi ya 50 wakaokolewa. Tukamshukuru Mungu, tukaendelea na yetu. Tarehe 28, siku ya Jumapili, watu wakapanda boti pale Kona Punda kwa kuwa barabara ilikuwa imezama. Boti ikapinduka. Wako waliookolewa, na wako tuliowazika. Hawakwenda kuvua wale! Walikuwa wasafiri wa barabarani, waliogeuzwa mabaharia na tuta ambalo halikujengwa.

Msiniambie ni kudra. Mto Tana ulifurika 1961, ukafurika wakati wa mvua za El Nino za 1997, ukafurika 2018, 2019, 2023 na 2024. Maji hushuka kutoka Aberdare na Mlima Kenya, yakapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga likijaa na kuanza kumwaga, tangazo hutolewa watu wa chini wahame. Onyo lipo. Pa kupita ndipo hapana.

Sikilizeni basi, wahandisi, na ninyi wawakilishi wadi mnaopenda kupigwa picha kando ya greda. Kumwaga moramu juu ya moramu si kuinua barabara. Mnamwaga Februari, mto unaizoa Mei, na mkandarasi anarudi mwaka wa pili kulipwa tena kwa dhambi ileile. Tuta lipite alama ya maji ya 2024. Waulizeni wazee wa Kipokomo yalifika wapi. Watawaonyesha kwa kidole, bila mitambo. Udongo mweusi uondoeni, maana hufura ukilowa na kupasuka ukikauka. Shindilieni tabaka kwa tabaka, na kingo mzivishe mawe na nyasi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Tuta lisilo na matundu ni bwawa. Mkiinua barabara mkasahau madaraja na kalvati, mtamwokoa msafiri na kumzamisha mwanakijiji wa upande wa juu. Kisha maji yakichoka kungoja, yatalibomoa tuta lenyewe. Mto una haki yake. Mafuriko hayohayo ndiyo yanayorutubisha mashamba ya Wapokomo na kuotesha malisho ya ng'ombe wa Waorma, na anayetaka kuuziba atawanyima watu chakula kwa jina la maendeleo. Palipo na mkondo wake wa zamani, hata kama leo ni mkavu na mbuzi wanalala humo, pajengwe daraja. Fedha zikipungua, afadhali drifti ya zege inayokubali kufunikwa kwa muda kuliko kalvati jembamba linalozibwa na gogo la kwanza. Na mashimo mliyochimba udongo yafukieni, yasije yakameza watoto.

Waislamu wanafundishwa kwamba hata kuondoa kinachoudhi njiani ni sehemu ya imani. Nasi Wakristo tunasoma kwa Isaya habari za mabonde kuinuliwa ili njia inyooke. Dini zote mbili ziko Tana. Je, aliyemwacha mama mjamzito wa Madogo akiitazama Garissa na hospitali yake ng'ambo ya maji, atajibu nini mbele ya yoyote kati ya dini hizo?

Wala asisimame mtu kuniambia hatutoi. Katika kila lita ya petroli tunalipa shilingi 25 za tozo ya matengenezo ya barabara. Zilikuwa 18 kabla ya kupandishwa Julai 2024. Kijana wa bodaboda wa Hola anazilipa, kisha anashuka kuisukuma pikipiki yake matopeni.

Mkakati wa fedha wa kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya Februari kwisha, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, masika ikiwa imekwisha kukata njia za kwenda kwenye mikutano ya kuyajadili. Kwa hiyo nendeni sasa. Barabara za vijijini idaini kaunti; barabara kuu idaini KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Ulizeni tuta litakuwa na kimo gani, matundu mangapi, na nani atayazibua kabla ya kila msimu wa mvua. Msiondoke mpaka majibu yameandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, na nakala mkaichukua.