Kitabu Kilichochapwa Élisabethville

  

Ndugu zangu katika imani, leo naanza kwa kukiri kosa langu. Miezi michache iliyopita, tukiwa barazani hapa nje ya msikiti baada ya Alasiri, mtu alituonyesha video kwenye simu. Msemaji, mwenye sauti nzuri na ndevu za heshima, alikuwa anaeleza kwamba mauaji ya Wayahudi wakati wa Hitler ni habari iliyokuzwa, na ile milioni 6 ni hesabu ya kutungwa. Tulitikisa vichwa. Mimi ninayesimama mbele yenu nikasema, "Huenda ni kweli." Kijana mmoja anayesoma Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) akaniuliza kwa adabu kabisa: "Shehe, umeisoma wapi?"

Sikuwa nimeisoma popote. Nimefundisha Suratul Hujurat miaka mingi, na amri yake ya kuchunguza habari kabla ya kuipokea naijua vizuri, ila siku ile sikuitumia. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikampigia kijana yule simu, nikamwomba anipeleke maktaba.

Njiani nilikuwa nawaza Ujerumani, Poland, mambo ya mbali. Yeye akasema, "Shehe, tuanze na neno Élisabethville," jina la zamani la mji wetu wa Lubumbashi. Nilidhani ananitania. Tulikaa mezani, vitabu vitatu juu ya mauaji yale mbele yetu, akaniambia nisifungue mwanzo, nifungue nyuma, kwenye orodha ya marejeo, kwa sababu hapo ndipo mwandishi anapoonyesha alikochota maji. Tukashuka na kidole mstari kwa mstari. Kidole kikasimama: Hizkia Franco, *Les martyrs juifs de Rhodes et de Cos*, Élisabethville, 1952. Niliusoma mstari ule mara tatu. Kitabu cha mashahidi wa mauaji yale kilichapwa hapa, katika mji huu wetu, miaka saba tu baada ya vita, wakati baadhi ya wazee wenu walikuwa wanajenga nyumba zao za kwanza. Na mimi nilikuwa nimekaa barazani nikitikisa kichwa.

Sikilizeni habari yenyewe. Rhodes ni kisiwa cha Bahari ya Mediterania, leo kiko Ugiriki. Wayahudi wake wengi walikuwa kizazi cha wale waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, wakapokewa katika dola ya Kiislamu ya Uthmaniya. Miaka mia nne baadaye walikuwa bado wanaongea nyumbani Kihispania cha mababu zao. Mwaka 1912 kisiwa kikaingia mikononi mwa Italia. Maisha yalipobana, vijana walipanda meli, na wengi wakaja huku kwetu Katanga kufanya biashara. Mmoja akamwita ndugu yake, ndugu akamwita shemeji. Ndivyo majina kama Hasson, Alhadeff, Amato na Franco yalivyofika mjini. Sinagogi lao lilifunguliwa mwaka 1930 na limesimama mpaka leo, wengi wetu tunalipita tukienda shughuli zetu. Mwaka 1937 alikuja rabi kijana, Moïse Levy, akakaa Lubumbashi hadi 1991. Na nyinyi mnaokauka koo kwa ajili ya timu ya Mazembe, mjue kwamba baba mzazi wa Moïse Katumbi aliyeiongoza, Nissim Soriano, alitoka kisiwa hichohicho.

Mwaka 1938 Italia ilipitisha sheria za kibaguzi dhidi ya Wayahudi. Aliyeweza kuondoka aliondoka. Waliobaki ni wazee, wajane, watoto, na wale wasiokuwa na nauli. Septemba 1943 Italia ilijisalimisha, Wajerumani wakakishika kisiwa.

Ikafika Julai 1944. Hapa nataka mtulie kidogo. Wakati huo Roma ilikwisha kombolewa, na majeshi ya Wamarekani na Waingereza yalikwisha tua Normandy. Mjerumani alikuwa anarudi nyuma kila upande, hana mafuta, hana askari wa kutosha. Lakini alipata vyombo vya majini, akapata mabehewa, kwa ajili ya kwenda kuchukua wazee na watoto kwenye kisiwa cha mbali ambao hawakuwa na bunduki hata moja. Kwanza waliitwa wanaume, kisha wanawake na watoto, waje na vitu vyao vya thamani. Tarehe 23 Julai walipelekwa bandarini. Baada ya bahari na reli, katika joto la kiangazi, maji hayatoshi, tarehe 16 Agosti wakafika kambi ya mauaji ya Auschwitz. Wengi wao waliuawa kwa gesi siku ya kufika. Kutoka Rhodes na kisiwa jirani cha Kos walichukuliwa watu zaidi ya 1,600. Walionusurika ni kama 150.

Hebu fikirini hapa Élisabethville. Mtu ana duka, ana mama yake Rhodes, barua zimekatika. Vita vinaisha, anangoja. Mmoja wa wale wachache walionusurika, Sami Modiano, aliyekamatwa akiwa mtoto na kupoteza baba na dada yake, alikuja kuishi Kongo baada ya vita. Kwa hiyo habari hii ilifika kwetu kwa miguu ya mtu aliyekuwepo.

Yumo pia Muislamu katika kisa hiki, nami naona haya kwamba sikumjua jina. Selahattin Ülkümen alikuwa konsuli wa Uturuki kisiwani, umri wake miaka thelathini tu. Alikwenda kwa mkuu wa Wajerumani akadai raia wa Uturuki waachwe, pamoja na waume na wake zao, akidai sheria ya Uturuki inamhesabu mwenzi wa raia kuwa raia. Sheria hiyo haikuwepo. Aliibuni papo hapo, ili watu wasife. Zaidi ya watu 40 waliokolewa. Jengo la ubalozi wake mdogo lilipigwa kwa mabomu, mke wake mjamzito akajeruhiwa vibaya. Mtoto alizaliwa, mama akafa. Mwaka 1989 taasisi ya kumbukumbu ya Yad Vashem kule Jerusalem ilimtunuku heshima ya watu wema waliowaokoa Wayahudi. Inasimuliwa pia kwamba mufti wa Rhodes alizipokea hati za Torati na kuzificha msikitini mpaka hatari ikapita.

Nikarudi kwenye ile milioni 6. Kijana alinifundisha jambo moja: ukitaka kujua mauaji, anza na karatasi za wauaji. Mkutano wa wakuu wa Hitler huko Wannsee, tarehe 20 Januari 1942, ulikuwa na kumbukumbu zilizoandikwa, na ndani yake Wajerumani wenyewe waliorodhesha Wayahudi nchi kwa nchi, jumla zaidi ya milioni 11, pamoja na wa nchi ambazo hawakuwa wamezishika. Raul Hilberg, mtoto aliyekimbia Vienna, alikaa miaka mingi na hati za serikali, za jeshi na za reli, akatoa kitabu chake kikubwa mwaka 1961. Yeye alipata vifo milioni 5.1. Wengine waliotafiti baada yake wanafika karibu na milioni 6. Angalieni wanavyobishana: kwa hati, kwa sensa, kwa namba za treni. Yule wa video hakutaja hati hata moja.

Najua kuna anayesema moyoni: Shehe, na Gaza je? Machozi yetu kwa watoto wa Gaza ni ya haki, na dua zetu hazitakoma. Lakini mtoto wa Gaza hapati hata bilauri ya maji kwa sisi kumkana mtoto wa Rhodes. Ile aya ya Suratul Maida kuhusu thamani ya nafsi moja, ambayo tunapenda kuitaja, wengi tumeihifadhi nusu. Fungueni mus-haf mwone inavyoanza, wanatajwa kina nani. Na katika Bukhari mnajua kisa cha jeneza lililopita Madina, Mtume akasimama, akaambiwa ni la Myahudi, naye akawakumbusha kwamba hiyo nayo ni nafsi. Alisimama kwa maiti mmoja tu.

Wenye umri wangu, nawaomba mrudi nyuma mpaka 1992 na 1993. Tulikuwepo. Majirani zetu kutoka Kasai walipoitwa *bilulu*, wadudu, nani alinyanyua mdomo? Watu waliozaliwa hapa, waliochimba shaba hapa, walifurushwa kwenye nyumba zao. Familia nzima zililala stesheni ya Likasi zikingoja treni, watoto wakafia humo. Rwanda mwaka 1994 Mtutsi aliitwa mende. Wanazi walimwita Myahudi panya na mdudu miaka mingi kabla ya gesi. Sisemi mambo haya matatu ni sawa, kwani kila moja lina kina chake, na mwenye kusoma atauona. Ninachosema ni kwamba neno *bilulu* nililisikia kwa masikio yangu likitamkwa na watu waliokuwa na udhu.

Kwa hiyo nawaomba. Video ikija, kabla hujaituma kwa wengine, uliza nani anasema na ameitoa wapi. Vijana, maktaba ya chuo ipo. Nendeni wawili wawili, mwulizeni mhudumu, msione aibu. Anayesoma Kifaransa atafute *Shalom Bwana* cha Moïse Rahmani, juu ya Wayahudi wa Kongo. Wazee tusiojua Kifaransa vizuri tukae na vijana watusomee hapa msikitini. Nimekwisha ongea na wawili, tutaanza Jumapili baada ya Adhuhuri.

Jambo la mwisho. Mtaa wetu umebeba jina la Mitwaba, na baadhi yenu mlitoka huko kaskazini mkikimbia. Kati ya 2003 na 2006, wakati wa wapiganaji wa Mai-Mai wa Gédéon, vijiji vilichomwa na watu wakachinjwa, mpaka nchi ile kati ya Mitwaba, Manono na Pweto ikaitwa pembetatu ya kifo. Tangu nione ule mstari wa Franco, najiuliza kitabu cha majina ya wafu wetu kiko wapi. Yeye aliwaandika watu wake miaka minane baada ya kuchukuliwa. Kwetu sisi imepita miaka mingi zaidi.

Nimenunua daftari. Mpaka leo lina majina kumi na moja, kila jina na kijiji chake, na jina la aliyenieleza. Leo baada ya Alasiri mzee mmoja atakuja barazani kunitajia kaka zake wawili. Mwenye jina na aje naye akae.