Bustani na Sitara

Swali la iwapo utulivu wa bustani ni sifa ya mahali au ni hali ya nafsi ya anayeingia haliwezi kujibiwa pasipo kulichunguza neno lenyewe, kwa kuwa janna, jina la Pepo kwa Kiarabu, maana yake ni bustani, nalo limetokana na mzizi wenye maana ya kufunika au kusitiri, mzizi uleule uliozaa jini, kiumbe asiyeonekana, na janini, yaani mtoto aliye bado tumboni mwa mamaye. Firdausi nayo asili yake ni Uajemi wa kale, ambako neno hilo lilitaja eneo lililozungushiwa ukuta. Bustani, basi, ni mahali palipositiriwa. Na palipo na ukuta hapakosi aliyeachwa nje.

Ugumu huo unaonekana wazi Cairo, katika Bustani ya Al-Azhar yenye hekta 30 hivi, ambayo Aga Khan wa Nne aliipendekeza mwaka 1984 na ambayo umma uliingia mwaka 2005. Mgeni aliyechoshwa na honi za magari hukuta humo maji yakipita taratibu katika mifereji ya mawe, mitende ikiwa imepangwa kandokando ya njia, na ni vigumu kwake kuamini kwamba anakanyaga lililokuwa jalala, mahali palipotupwa kifusi na taka za mji kwa takriban miaka 500. Wachimbaji walipokiondoa kifusi hicho walifukua ukuta wa mji wa karne ya 12, wa enzi ya Salahuddin, wenye urefu wa kilomita moja na nusu hivi, na nyuma yake umeshikamana mtaa wa Darb al-Ahmar, ambao baadhi ya nyumba na misikiti yake ilikarabatiwa sambamba na bustani.

Ukarabati huo una uzito wa kidini kuliko uzuri wote wa mitende, kwa sababu kusitiri, katika mafundisho ya Kiislamu, ni tendo afanyiwalo mtu mwingine, na ukuta usiomsitiri jirani ni kizuizi tu. Kwa sababu hiyo kiingilio cha getini, hata kiwe kidogo namna gani, ni suala la haki. Mgeni hurudi hotelini, kwenye chumba chenye mlango wa kufunga. Lakini kwa familia inayolala, kupika na kugombana katika chumba kimoja, nyasi zile chini ya kivuli ndiyo faragha pekee iliyo nayo.