Kivuli cha Moshi

Mwezi Aprili 2020, watu wa Jalandhar, kaskazini mwa India, walitoka nje wakaiona milima ya Himalaya, ambayo wengi wao hawakuwa wameiona kwa miaka mingi. Viwanda vilikuwa vimefungwa na magari yameegeshwa. Picha zilitufikia hapa Mbagala kwa simu. Makanisa ya Tanzania hayakufungwa, na sisi tuliosimama mimbarani Jumapili zile, baadhi yetu tulisema Mungu ameipa dunia sabato yake.

Tulisema haraka mno. Watu walikuwa wanazikwa, na tusimfanye Bwana kuwa msafisha hewa kwa gharama ya makaburi. Tena hewa yenyewe ilikuwa na habari nyingine.

Moshi wa makaa ya mawe na wa mafuta mazito ya meli hutoa salfa, nayo hugeuka kuwa chembe ndogo mno zinazoelea. Chembe hizo hurudisha sehemu ya mwanga wa jua juu angani, na huyafanya mawingu kuwa meupe zaidi. Viwanda viliposimama, chembe zilipungua, jua likapenya. Wanasayansi waliopiga hesabu waliona kwamba miezi ile sehemu kadhaa za nchi kavu ziliongezeka joto, si kwa kiasi kikubwa, kama sehemu moja hadi tatu za kumi za nyuzi moja. Chembe huanguka na mvua kwa siku chache au wiki, lakini gesi ya ukaa iliyotoka katika moshi uleule hukaa hewani mamia ya miaka. Mwavuli ulikunjwa, deni likabaki.

Basi uchafu wetu ulikuwa ukituficha madhara ya uchafu wetu. Je, tuutunze kwa kuwa unatupa kivuli? Wapo wataalamu wanaopendekeza kunyunyiza salfa juu angani kwa makusudi. Hatuwadharau; joto ni la kutisha. Lakini Paulo, katika Warumi sura ya 6, alikutana na hoja ya namna hiyo kuhusu dhambi na neema, akaikataa papo hapo. Naye Daudi katika Zaburi ya 32 anakiri kwamba aliponyamaza juu ya kosa lake, mifupa yake ilichakaa. Kufunika si kuponya.

Na kivuli hicho hakigawiwi kwa haki. Masizi ya mkaa na kuni za Temeke ni meusi. Hayarudishi jua bali hulimeza. Mama anayekaanga vitumbua alfajiri hapati hata huo mwavuli. Anapata kikohozi tu.

Nasi tusiwanyoshee kidole wenye viwanda peke yao. Nyuma ya kanisa letu kuna shimo. Kila Jumamosi huchomwa majani, na chupa za plastiki humo humo, ili Jumapili uwanja upendeze. Kwaresima iliyopita jirani yetu, mama Mwislamu mwenye mtoto wa pumu, alibisha hodi ofisini.

“Shikamoo, mchungaji. Naomba moshi mpunguze. Mtoto usiku halali.”

“Marahaba, mama. Tutaliangalia.”

Tuliliandika katika kumbukumbu za kikao cha wazee. Pentekoste ilipofika, shimo lilikuwa bado linafuka.